Mboga ya Tisa ya Ijumaa Kuu

Duluth, Minnesota
6 Oktoba 2018

Shangazi Ozite mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, tena mzima wa kuvaa koti mwezi wa kumi. Ziwa limeanza kunguruma. Meli za madini zinapishana bandarini, nami nakaa ofisini naandika ipi imeingia na ipi imetoka. Msalimie Baba, mwambie viatu alivyonitumia vimenitosha, ila asinitumie tena vya kiume. Msalimie na binamu yako Verlie. Nasikia amepaka nyumba rangi ya manjano na mtaa mzima umenuna.

Sasa nina shida ya jikoni, na shida za jikoni zote naleta kwako. Hapa kila Jumamosi kuna soko la wakulima. Kuna mama mmoja Mhmong, watu wa asili ya milima ya Laos, jina lake Bi Pa Houa, anauza majani ya haradali mapana kama yale ya uani kwako, na vitunguu, na pilipili hoho, na bamia changa zisizo na nyuzi. Juzi nilishika fungu la haradali nikalinusa, machozi yakanilenga pale pale. Akaniuliza kama vitunguu vimeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, maana ningeanzia wapi kumweleza habari zako?

Pembeni yake yupo mzee anayeuza samaki mweupe wa ziwani, aliyekaushwa kwa moshi. Hapo ndipo akili iliponijia. Gumbo ya kwetu, ule mchuzi mzito wa chunguni, inataka moshi, na moshi wote unatoka kwenye soseji ambayo mimi siili. Basi moshi nitautoa kwa huyu samaki! Nimejaribu. Utatu wetu wa kitunguu, hoho na seleri nimeuweza. Samaki nimemweza. Kinachonishinda ni roux. Unga na mafuta tu, vitu viwili, unakaanga mpaka vigeuke rangi, na bado vinanitoa jasho. Nikiitoa mapema inakuwa uji, nikisubiri inaungua, namwaga, naanza tena.

Nakumbuka wewe hata chungu ulikuwa hukiangalii. Unabishana na watu walioko barazani, mkono unazungusha mwiko, halafu katikati ya neno unanusa, unasema "sasa," unatupa vitunguu. Hiyo "sasa" unaijuaje? Niandikie, nami nifundishike.

Najua utanicheka kwa kutokula nyama. Cheka tu, nimeshazoea.

Mwanao,
Clelie


Breaux Bridge, Louisiana
2 Novemba 2018

Clelie mwanangu,

Marahaba. Jana tulikuwa makaburini kama kila mwaka. Tumepaka chokaa kaburi la bibi yako, na la mume wangu, na la mzee Placide ambaye hana mtu wa kumpakia. Baba yako alipaka suruali yake kuliko kaburi. Mzima, ana kikohozi chake kile kile, na kuhusu viatu anasema miguu yako ndiyo ya kiume, yeye hana kosa. Nyumba ya Verlie usiniulize. Ukipita pale mchana lazima ufumbe jicho moja.

Kukucheka ni lazima, nisipokucheka utadhani sikupendi. Tulikuonya siku ile ulipompa jina yule nguruwe wa maonyesho ya shule. Mnyama ukishampa jina humli tena. Baba yako akamla, ukamnunia mwaka mzima, na nyama nyingine zote ukazinunia mpaka leo. Haya, kula samaki wako. Sisi sote tutakula kama wewe Ijumaa Kuu, siku moja kwa mwaka, na hatutakufa.

Mimi sijambo. Mwezi wa nane niliteleza kwenye ngazi za baraza nikaanguka chali. Kisogo kilivimba, kikapona. Daktari alinimulika machoni na kitochi akanirudisha nyumbani. Sina la zaidi kuhusu hilo.

Kinachonikera ni Verlie. Unajua Ijumaa Kuu watu wanatembea Njia ya Msalaba kando ya maji, kanisa hadi kanisa, wanafika uani kwangu na njaa ya tangu alfajiri, na chungu cha gumbo ya mboga kinawangoja. Mama alipika chungu hicho mpaka alipokufa, nami nimekipika tangu hapo. Sasa Verlie anatangaza kwamba mwaka ujao nipumzike, watu waende kwake, kwenye ile nyumba ya manjano, yeye atawapikia. Na roux ya dukani, Clelie! Ya chupa! Nani kamwambia nimechoka? Chungu kile wakininyang'anya, watanikuta barazani nimekaa na shali kama vikongwe wengine, nangoja kuletewa sahani.

Hiyo "sasa" haielezeki kwenye karatasi. Kwa hiyo nimekupikia. Ndani ya kisanduku kuna chupa ya roux, nimeizungushia mataulo mawili, na mataulo nayataka. Chota, pika gumbo ya huyo samaki wako, kisha niandikie ikoje. Hapa nyumbani kila mtu ananiambia tamu, tamu. Hata ningewapa tope wangesema tamu. Lakini wewe ulikuwa mtoto wa kutema. Ulitema keki ya Padri mbele ya Padri mwenyewe. Nataka neno lako wewe. Ukiniambia iko sawa, chungu nakipika mimi, na Verlie atajua pa kwenda.

Usinipigie simu. Simu ni ya vifo na vimbunga.

Shangazi yako,
Ozite


Duluth
16 Desemba 2018

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa. Meli zilikuwa zinakimbilia kumaliza safari kabla barafu haijafunga bandari, tukafanya kazi kama wendawazimu. Sasa kumetulia. Ziwa limeanza kuwa jeupe pembeni. Soko la wakulima limehamia ndani ya ukumbi, wamebaki wenye kabichi, viazi na karoti. Bi Pa Houa alinipa fungu la mwisho la haradali bure, akasema tutaonana majani yakirudi.

Chupa ilifika nzima. Mataulo haya hapa, nimeyafua na kuyapiga pasi.

Shangazi, ni tamu. Ni tamu kabisa, ile ile ya siku zote. Nilipika na samaki wa moshi na haradali, nikamwalika jirani yangu Inga. Alikula akanyamaza, lakini watu wa huku wakifurahi hunyamaza. Baadaye nilifungua madirisha kidogo kwa sababu nyumba ilikuwa na joto. Kwa hiyo iko sawa. Mwambie Verlie hivyo.

Na wewe unakula vizuri? Ile taa ya juu ya jiko bado inawaka? Baba bado anakuja kula kwako Jumapili? Anamaliza sahani? Nauliza tu.

Krismasi siji, ofisi imenibana. Nakubusu mashavu yote mawili.

Clelie


Breaux Bridge
20 Januari 2019

Clelie, mwanangu, mwanangu wee,

Marahaba mara mia. Tunajiandaa kwa mbio za kuku za kabla ya Kwaresima. Baba yako ameshashona vazi lake la matambara na kinyago chenye pua ndefu, kisha amesahau kuacha tundu za macho. Mwaka jana alianguka kwenye mtaro akimfukuza kuku, mwaka huu ataanguka bila hata kumwona. Verlie ana mafua. Mimi sijawahi kuwa mzima hivi.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Jumapili baada ya misa niliitoa kwenye mkoba nikawasomea wanawake wote kwa sauti, Verlie akiwa amesimama pale pale, nami nimevaa kofia yangu ya bluu. "Ni tamu kabisa, ile ile ya siku zote." Nililisoma mara mbili hilo. Verlie aliangalia viatu vyake. Padri akasema basi, chungu cha Ijumaa Kuu kiko mahali pake, na akalitangaza madhabahuni wiki iliyofuata.

Sasa naweza kukwambia nililokuficha. Tangu siku ile niliyoanguka, pua yangu imekufa. Sinusi kitu. Kahawa sinusi, samaki sinusi, mvua sinusi. Siku moja gesi ilikuwa inavuja nami nimekaa nachambua maharage, Baba yako akaingia akafoka, akafungua milango yote. Tukakubaliana asimwambie mtu. Na mdomoni kila kitu kina uchungu ule ule, mkate, kahawa, hata peremende. Macho nayo hayanisaidii, maana roux ya kwetu lazima ifike rangi ya kahawa, na ndani ya chungu cheusi kahawa na mkaa vinafanana. Kilichokuwa kinanitofautishia ni pua peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa "sasa" uliyoniuliza, na uliponiuliza nilikuwa sina tena.

Nililia, Clelie. Nilisimama mbele ya jiko nikamwambia mama yangu aliyekufa kwamba sijui tena. Kisha nikasema ngoja. Nitapika moja kwa kukisia, kwa kumbukumbu ya mkono tu, nitaipeleka kwa yule mtoto wa kutema. Akisema imeharibika, nitampa Verlie chungu na nitanyamaza. Ukasema ni ile ile! Kumbe mkono unakumbuka wenyewe. Tangu barua yako nimeanza kulala usingizi.

Mungu akubariki na samaki wako wote.

Shangazi yako anayekupenda,
Ozite


Duluth
24 Februari 2019

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameniambia alimkamata kuku mmoja mazoezini, hongera zake. Huku barafu imefunga bandari yote, watu wanatembea juu ya ziwa. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana. Hii lazima iende.

Roux ilikuwa imeungua.

Nilipofungua chupa niliona vidoadoa vyeusi, nikajifanya ni kivuli. Nilipoichemsha nyumba nzima ilinuka mkaa. Inga alikula vijiko viwili akaomba maji. Sikufungua madirisha kidogo, nilifungua yote, na theluji ikaingia hadi kwenye zulia. Kisha nikamwaga chungu chote nyuma ya nyumba, nikakaa mezani nikakuandikia kuwa ni tamu.

Nilidhani imekutokea mara moja, umegeuka kuongea na mtu barazani ikakuponyoka. Nikasema nani atamwambia Shangazi Ozite kwamba roux yake imeungua, mimi? Nilidhani nakutunzia heshima. Sikujua ulichokuwa unaniuliza. Ulinichagua kwa sababu mimi natema, nami safari hii nikameza.

Nilimpigia Baba. Nilimwuliza moja kwa moja. Akasema gumbo yako imeungua kila Jumapili tangu mwezi wa tisa. Anakuja na chupa yake ya pilipili mfukoni, anamwagia mpaka hasikii kitu, anamaliza sahani, anaongeza. Akaniambia, "Nitaila hivyo hivyo mpaka nife, sitamwambia mimi." Nikamwuliza, na Ijumaa Kuu je, wale watu wote? Akaanza kuniuliza habari za barafu.

Kwa hiyo nakwambia mimi. Wangekula, Shangazi, unawajua. Wangekula wote kwa adabu na kukusifu, kisha wangerudi nyumbani wakisema maskini Ozite. Sitaki waseme hivyo. Bora unichukie mimi peke yangu.

Nakupenda sana. Ndiyo maana nilikudanganya, na ndiyo maana naacha kukudanganya.

Clelie


Duluth
25 Machi 2019

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ilifika, najua, kwa sababu Baba anasema umemfungia mlango. Jumapili anakula mkate wa dukani na dagaa wa kopo. Anasema anatamani hata ile iliyoungua, na ameniomba nikuandikie hivyo, akidhani itasaidia.

Sikuombi unijibu. Barafu imeanza kupasuka, usiku nasikia ziwa likilia. Bi Pa Houa amerudi sokoni, ana haradali za kwanza alizozipanda kwenye banda lake la nailoni, fupi lakini kali. Nilizinusa nikakukumbuka. Alinitazama akasema, "Vitunguu tena?" Safari hii nikamwambia ukweli. Akafunga fungu akanipa, akasema nikuambie pole.

Mwanao bado, kama utanikubali,
Clelie


Breaux Bridge
5 Aprili 2019

Clelie,

Marahaba ya ile shikamoo ya mwezi wa pili, na marahaba ya ile ya mwezi wa tatu. Sasa hatudaiani.

Nimekukasirikia Kwaresima nzima, na Kwaresima si wakati wa hasira, kwa hiyo na dhambi hiyo ni juu yako. Sikukasirika kwa kuwa roux imeungua. Roux huungua. Nilikasirika kwa sababu niliisoma barua yako mbele ya wanawake wote nikiwa nimevaa kofia ya bluu. Kofia ile siwezi kuivaa tena, nimempa mke wa mwenye posta.

Baba yako nimemfungulia jana. Alisimama mlangoni amekunja kofia mikononi, nikamwambia, tangu mwezi wa tisa, Ursin? Akasema, "Jumapili nyingine haikuwa mbaya sana." Nikamchapa na kitambaa cha vyombo. Kisha nikamkumbatia, mzee mjinga yule. Amekonda.

Halafu nilifanya jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitalifanya. Nilibeba kile chungu cha mama, kizito kile, nikampelekea Verlie kwenye nyumba yake ya manjano. Nilikiweka mezani pake nikamwambia, haya, umeshinda. Nilitegemea atashangilia. Clelie, alianza kulia. Kumbe alijua. Alikula kwangu mwezi wa tisa, akanusa tangu langoni. Zile kelele zake zote za kupumzika na kupokezana, alikuwa anatafuta njia ya kukiondoa chungu kwangu kabla sijaaibika mbele ya watu. Miezi yote hiyo mimi namtukana, naye anavumilia.

Nikamwambia basi pika wewe. Akafuta macho, akasema, "Roux yangu ya dukani wataila kwa adabu tu, na wewe unajua. Chungu ni chako. Tafuta pua." Akakibeba akanirudishia mpaka nyumbani, tukipumzika kila mahali kwa sababu sote ni wazee.

Sasa nisikilize. Kamba nitawapata kwa Baba yako, ameshaweka mitego. Mboga nimezihesabu. Nina sukuma wiki, mchicha, kabichi, majani ya figili, majani ya bitiruti, majani ya karoti, kotimiri na vitunguu vya majani. Hizo ni nane. Na nane haipikwi, unajua vizuri. Gumbo ya Ijumaa Kuu ni mboga saba au tisa, siyo namba ya kugawanyika nusu kwa nusu. Haradali yangu yote iliuawa na ile baridi ya mwezi wa tatu.

Mwambie bosi wako meli ziingie zenyewe. Njoo na haradali ya huyo mama wako, na uje na pua. Alhamisi Kuu asubuhi nawasha jiko.

Ozite


Breaux Bridge
28 Aprili 2019

Clelie mwanangu,

Marahaba, na ahsante kwa kadi. Nafurahi umefika salama na kwamba bosi wako amenuna kiasi tu. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Chumba chako nimekifunga ili paka asilale kitandani, lakini ameshaingia.

Nataka nikwambie yaliyokupita siku ile ya Ijumaa Kuu, maana ulikuwa kwenye karo la vyombo umezama mpaka viwiko. Lakini kwanza lile la Alhamisi, ambalo mimi na wewe peke yetu tunalijua. Ulivyosimama nyuma ya bega langu unasema bado, bado, bado, mpaka nikataka kukupiga mwiko. Mkono unaniambia imetosha, nawe unasema bado. Nilifikiri unaiunguza tena, na mara hii mbele ya macho yangu. Halafu ulipovuta pumzi na kusema "sasa," sauti ilikuwa ya mama yangu. Sikukwambia pale pale kwa sababu vitunguu havingoji.

Basi Ijumaa watu walifika wana vumbi hadi magotini. Padri alikula akarudia. Mke wa mwenye posta alikuja na kofia yangu ya bluu kichwani, na imempendeza, kwa bahati mbaya. Verlie alijaza bakuli kwa siri akaficha chini ya shali, akadhani sijamwona. Watu waliniuliza nani kapika roux mwaka huu, nikawaambia ukweli: mkono wangu, pua ya Clelie. Nikawaambia na yote mengine pia, kuanzia ngazi za baraza. Hakuna aliyesema maskini Ozite. Mzee mmoja alisema haradali ile ina ukali wa zamani, akauliza imetoka wapi. Nilipomwambia Minnesota alidhani namtania.

Na Baba yako. Alikaa mwisho wa meza ile ndefu na chupa yake ya pilipili mbele yake, kwa mazoea. Nilimtazama kutoka dirishani. Akaonja kijiko kimoja. Akaonja cha pili. Kisha akaichukua ile chupa, haijafunguliwa, akairudisha mfukoni, akainamisha uso juu ya bakuli na hakuuinua mpaka alipomaliza. Mimi nilirudi ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Jumapili ya Pasaka tulipogonganisha mayai, la kupasuka ndilo linaloshindwa, Baba yako aliwashinda wote, hata watoto. Tuligundua baadaye lilikuwa yai la kanga, gumu kama jiwe. Hana aibu.

Sasa, wewe uko huko na mimi niko huku, na siwezi kungoja Ijumaa Kuu nyingine ndiyo nipike. Jana nimewasha jiko peke yangu. Verlie alikuwa na daktari wa meno na Baba yako kwa roux simwamini tena, angesema tu haikuwa mbaya sana. Nimesikiliza mafuta yanavyolia, nimeangalia moshi, nimekumbuka ulivyokuwa unasema bado. Chupa hii hapa, na mataulo mawili. Bi Pa Houa mpe kile kichupa kingine, ni jamu ya tini za uani.

Niandikie ikoje.

Shangazi yako,
Ozite


Duluth
9 Mei 2019

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ziwa limefunguka lote, meli zimerudi na honi zake. Bi Pa Houa ameonja jamu kwa kidole pale pale sokoni, mbele ya wateja, na amenipa mbegu za haradali yake nikutumie. Ziko kwenye bahasha ndogo humu ndani.

Roux yako ni mbichi. Uliogopa, ukaitoa mapema. Rangi ni ya karanga, na mdomoni bado ni unga. Haikuungua hata chembe.

Sikuimwaga. Niliirudisha jikoni kwangu, nikazungusha mwiko madirisha yakiwa yamefungwa, na ilipofika nikasema "sasa" kwa sauti, peke yangu. Inga alikula sahani mbili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliongea.

Wewe usiikimbie. Kaa nayo zaidi ya pale moyo unapokwambia utoe. Mataulo haya hapa, tuma nyingine.

Mwanao wa kutema,
Clelie